Siku Wenyeviti wa Mifereji Walipokosa Maji

Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu kasoro. Wiki ya kwanza nilikwenda nyumbani kila saa sita mchana kunyonyesha. Njiro hadi Kimandolu kwa bodaboda si mbali, na sheria inampa mama anayenyonyesha saa zake mbili kwa siku, si hisani ya mtu. Wiki ya pili mkuu wetu, ambaye ofisi nzima tulimwita Dokta, akanikabidhi kompyuta ya pembeni, ile ya kuendeshea hesabu ya mifereji. Saa zangu mbili zikaishia hapo.

Niseme kwanza hesabu yenyewe ilikuwa nini, la sivyo nitaonekana mtu wa kulalamika tu.

Ofisi ilikuwa mradi mdogo wa utafiti, vyumba vitatu kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta mrefu. Tulikuwa tunafuatilia maji ya mifereji ya mashambani, miteremkoni mwa Meru. Mfereji unaanzia kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, halafu unashuka. Kila kaya inafungulia migomba na kahawa yake kwa zamu, kinachobaki kinakwenda kwa anayefuata. Dokta alitaka kujua, mwaka wa mvua haba, maji yanaishia kwa nani. Kwa hiyo alichukua kila mfereji, kila kaya, kila siku, akaipa kompyuta miaka ya mvua ya kubuni, mingi mno, ihesabu yote. Hesabu ya aina hiyo haina njia ya mkato. Huwezi kujua kaya ya kumi imepata nini kabla hujajua ya tisa imechukua nini. Lazima uteremke na maji, moja moja.

Aliiandika kwa R, lugha ya kompyuta wanayotumia watu wa takwimu. Mimi nilimaliza kidato cha sita nikaingia pale kuingiza data. R nilifundishwa na dada aliyekuwa meza ya jirani kabla hajaondoka kwenda kusoma. Ni lugha nzuri, sisemi vibaya. Ukiipa safu nzima ya namba ukaiambia jumlisha, inamaliza kabla hujapepesa. Ila ukiiambia ipite namba moja baada ya nyingine, inachoka kuliko mimi. Kama umewahi kusimama kwenye mkutano wa injili wa mhubiri mgeni mwenye mkalimani, unajua ninachosema. Anasema sentensi, ananyamaza, mkalimani anaisema, watu wanaitikia, ndipo ije nyingine. R nayo hivyohivyo: inausoma mstari, inautafsiri, inautekeleza, halafu inaurudia mstari uleule mara ya milioni kana kwamba haijawahi kukutana nao.

Saa nne na nusu. Naianzisha saa tatu asubuhi, inamaliza saa saba na nusu. Na mtaa ule umeme ulikuwa unakatika unavyotaka. Ukikatika, betri ya akiba inaishikilia kompyuta dakika kumi, na ndani ya dakika hizo mtu azunguke nyuma ya nyumba awashe jenereta. Asipokuwepo mtu, mashine inazima na kazi yote inaanza upya kutoka banioni. Mlinzi wa getini alikuwa wa kampuni, mkataba wake ulimkataza kugusa chochote zaidi ya geti. Mtu wa jenereta nikawa mimi. Na kila siku Dokta alibadilisha kitu, kosa hapa, kaya iliyosahaulika pale, kwa hiyo kila siku ilibidi iendeshwe upya.

“Dokta, saa sita nakwenda kunyonyesha,” nilimwambia siku ya kwanza.

“Mashine ikimaliza, nenda.”

“Inamaliza saa saba na nusu.”

“Basi nenda saa saba na nusu. Mtoto hana saa.”

Mtoto hana saa. Mtu mwenye watoto wanne anasema hivyo, tena bila ubaya, huku anatafuta chaja yake.

Mtoto hana saa lakini mwili wangu ulikuwa nayo. Saa sita na robo matiti yalikuwa yamejaa kama mawe, blauzi imelowa, nimefunga kanga juu yake na jua linawaka. Nilikuwa nakwenda chooni kukamua kwa mkono, mlango wazi kidogo ili nisikie kama umeme umekatika. Friji hatukuwa nayo. Maziwa niliyamwaga kwenye sinki, nikafungulia bomba. Sitaki kukumbuka zaidi ya hapo.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe wangu, ameshuka kutoka Kilimanjaro kunisaidia malezi. Saa sita mtoto alipolia alimpa maziwa ya kikombe, angefanya nini? Nikifika saa nane mtoto ameshiba, amelala. Naondoka tena kuwahi ofisi, natema vumbi. Mama mkwe ni mtu wa maneno.

“Hiyo kompyuta nayo inanyonya?” aliniuliza.

“Mama, ni kazi.”

“Nakupikia mtori kila asubuhi, mtori wa ndizi na nyama, maziwa yaje. Unaingia kwako, unatokea wapi? Chooni kwa Dokta wako. Basi nimpikie Dokta.”

Nilicheka siku hiyo. Wiki ya tano sikucheka. Ilikuwa Jumamosi, nipo nyumbani kutwa, nikamweka mtoto kifuani akageuza uso. Nikamrudisha, akalia, akajinyoosha kama ubao akikitafuta kikombe kwa macho. Titi la kulia lilikuwa limelegea, tupu. Nesi wa kliniki alikuwa ameshaniambia kwamba maziwa yanaletwa na kunyonywa. Mtoto asiponyonya mchana, mwili unajua maziwa hayahitajiki, unafunga. Mimi mwenyewe nilinyonya miaka miwili, na wadogo zangu wote. Nilikaa kitandani nikamkasirikia kila mtu, na mtoto pia, Mungu anisamehe.

Jumatatu nikarudi kuilinda mashine.

Kuilinda ni kukaa. Huwezi kuitumia kwa kitu kingine, itazidi kuwa nzito. Kwa hiyo nilikaa na simu, nikaanza kusoma kwa nini R inachelewa. Ndipo nikakuta kwamba watu wameshalia kilio hiki kabla yangu. Walichofanya ni hiki: ile sehemu inayochelewa, ile ya kupita moja moja, unaitoa R unaiandika kwa lugha nyingine inaitwa C++. Hiyo haina mkalimani wa sentensi kwa sentensi. Unaiandika yote, inatafsiriwa yote kwa mpigo mmoja kuwa lugha ya mashine yenyewe, ndipo inakimbia. Na kuna kifurushi cha programu kinachoifunga hiyo sehemu ndani ya R, ukaiita kwa jina kama ni mtoto wa humohumo. R inabaki na data, michoro na majedwali. C++ inashuka na maji.

Nilimwambia Dokta. Akasema, “Usiguse kitu kinachofanya kazi.”

Nikanakili msimbo wake, yale maagizo ya hesabu, kwenye kompyuta yangu ya kuingizia data, nikagusa.

Sitajisifu, nililia nayo. C++ ni kama matroni wa bweni. Kila kitu ukiri mapema: hii ni namba kamili, hii ni ya desimali, hii ni safu ya namba ngapi. Umesahau alama moja mwisho wa mstari, inakumwagia kurasa mbili za makosa, na hakuna hata moja linalokuambia umesahau wapi. Neno moja la Kiingereza nililielewa, matatu sikuyaelewa. Wiki mbili nzima, saa nne na nusu kila siku, mashine moja inahesabu mifereji na mimi pembeni yake najifunza kuinyang’anya kazi. Kila siku saa sita ikifika naacha, nakwenda chooni, narudi. Maziwa ya kukamua yalikuwa yanapungua. Siku ya mwisho hata kanga sikuhitaji.

Jumanne moja ikakubali kutafsirika. Hakuna kosa. Nikaipa data yote, mifereji yote na miaka yote ya mvua, nikabonyeza. Nikaenda kunywa maji, kurudi imemaliza. Nilidhani imekufa. Nikabonyeza tena nikitazama saa ya ukutani: dakika moja na kitu.

Nikalinganisha wastani wa maji kwa kila mfereji, wa hesabu yangu na wa ile ya Dokta. Ulikaribiana. Si sawasawa, ila kila tukiendesha kompyuta inachota miaka ya mvua kwa bahati nasibu, kwa hiyo tofauti ndogo ni kawaida. Nikasema ni mvua. Kumbuka hapo: nilitazama wastani tu, nikasema ni mvua. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Dokta alitazama wastani uleule. Akatikisa kichwa, akaguna. “Umefanya wewe?” Nikamwambia mimi. “Mm,” akasema. “Basi tutumie.” Siku hiyo saa sita kamili nilipanda bodaboda, na kesho yake, na keshokutwa. Mtoto alikuwa ananigomea. Mara ya kwanza alilia nusu saa nzima akitaka kikombe chake, mama mkwe amesimama mlangoni. Mara ya tatu, kwa uchovu nadhani, akashika titi la kushoto. Akanyonya kama dakika tano akilalamika katikati. Nilirudi Njiro nimekaa nyuma ya bodaboda kama malkia.

Ijumaa asubuhi nikaitwa chumba cha nyanjani.

Huko alikuwa mzee wetu, msimamizi wa wadodosaji, wale wanaokwenda kuhoji kaya, mwalimu mstaafu, Mmeru wa kuzaliwa. Ndiye aliyekuwa akizipeleka karatasi za matokeo kwenye vikao vya mifereji, kila mfereji karatasi yake, watu waone walichohesabiwa. Alikuwa amezichapa, amezitandaza mezani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti. Hebu sogea. Huyu wa kwanza kwenye orodha ni nani?”

“Kaya namba moja.”

“Najua namba moja. Ni nani?”

Hapo nikaelewa anachouliza. Wadodosaji wetu hawakanyagi mfereji wa watu kabla hawajapiga hodi kwa mwenyekiti wake. Hata ukiwa na barua ya mkoa, utafukuzwa. Kwa hiyo mwenyekiti ndiye anayeandikwa wa kwanza siku zote. Na kwenye mifereji yetu yote, zamu ya kwanza ya maji ni yake.

“Mwenyekiti wa mfereji,” nikasema.

“Amepata maji kiasi gani?”

Nikatazama. “Sifuri.”

“Na huyu?” Karatasi ya pili.

“Sifuri.”

“Huyu?”

Nikazipitia zote kwa kidole, sifuri tupu. Mzee alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko cha kutikisa mabega bila sauti, mpaka akavua miwani.

“Wenyeviti wote! Mvua kubwa, mvua ndogo, hata tone! Binti, nimezaliwa Meru, nimezeekea Meru. Mwenyekiti wa mfereji anaweza kukosa kura. Anaweza kukosa mke. Maji? Nikisimama mbele za watu na karatasi hii, watanibeba mabegani. Wenyeviti ndio watanirusha mtoni.”

Dokta alikuwa mlangoni, amesikia. Hakucheka.

“Tunarudi kwenye ya zamani,” akasema. “Kuanzia leo.”

“Nipe hadi Jumatatu nilitafute kosa.”

“Matokeo yangetoka nje hayo, unaelewa?”

“Naelewa. Nipe hadi Jumatatu. Nikilipata, nitaendesha zote mbili kwa mvua ileile. Zisipolingana kaya kwa kaya, nitakaa na ile ya zamani mpaka mradi uishe.”

Mzee akaingilia. “Mpe, Dokta. Kosa lenyewe linajionyesha, limewapiga watu wa kwanza tu. Wa pili wote wako salama.”

Dokta akasema Jumatatu jioni, mwisho.

Wa pili wote wako salama. Nilirudi mezani na sentensi hiyo na dakika kumi hazikupita. R inahesabu kama binadamu: moja, mbili, tatu. C++ inaanza na sifuri. Wa kwanza kwake ni sifuri, wa pili ndiye moja. Nilikuwa nimesoma hilo, nimeliandika hata kwenye daftari na kulipigia mstari, kisha mkono ukaandika moja kwa mazoea ya R. Kwa hiyo hesabu ilianza na jirani wa mwenyekiti. Mwenyekiti alirukwa, sehemu yake ikabaki sifuri kama ilivyozaliwa, maji yake wakagawana walio chini. Ndiyo maana wastani ulikaribiana. Maji yalikuwepo, yalikuwa kwa watu wasiostahili.

Nilifuta moja nikaandika sifuri. Tarakimu moja. Nilitamani kumpiga mtu na hakukuwa na mtu wa kumpiga ila mimi.

Jumatatu nikachota miaka ya mvua mara moja tu, nikaihifadhi, nikaipa ya zamani na mpya mvua hiyohiyo, isiwepo nafasi ya kusingizia mbingu tena. Ya kwangu ikamaliza. Kisha nikakaa kuilinda ya Dokta kwa saa zake nne na nusu. Saa tano umeme ukakatika, nikakimbia nyuma, jenereta ikakataa kamba mara tatu, ya nne ikawaka. Saa sita ikafika. Nilijua mtoto amekaa miguuni kwa bibi yake, nilijua pia siku tatu zile za kumrudisha zinapotea. Nilitazama ukuta. Mzee alikuja na chai yake akakaa nami, akasoma gazeti la juzi.

Saa saba na nusu ikamaliza. Nikaiambia R itoe safu moja kutoka nyingine na ionyeshe kaya yoyote ambapo jibu si sifuri. Ikajibu kwamba hakuna. Hakuna hata moja. Mzee hakuridhika na jibu la mashine. Alitaka nimsomee wenyeviti mmoja mmoja.

“Wa kwanza?”

“Amepata.”

“Wa pili?”

“Amepata, tena nyingi.”

“Huyo namjua, ana haki,” akasema. “Endelea.” Nikamsomea wote, huku blauzi kavu kabisa. Nililigundua hilo nikiwa katikati ya orodha.

Dokta akaja jioni akatazama safu ya tofauti. Akaishusha mpaka chini, akaipandisha. “Sawa,” akasema. “Kwa kasi hii basi unaweza kuendesha mara nane kwa siku. Nitakuandalia orodha.”

“Andaa. Saa sita hadi saa nane sipo.”

“Kila siku?”

“Kila siku mpaka aache kunyonya.”

Alinitazama kama ndiyo kwanza anaambiwa nina mtoto. Halafu akasema wageni wa mradi wanakuja Alhamisi saa saba mchana, wamesikia habari ya kasi, niwepo niwaeleze mwenyewe. “Hii ni nafasi yako,” akasema, na nakubali alimaanisha. Nikamwambia nitawaeleza saa nne, au saa tisa. Wageni hawapangiwi, akasema. Nikamwambia basi waeleze yeye.

Nikachukua mkoba, nikatoka. Sikuwa jasiri, nisidanganye. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kusema ndiyo kulikuwa kazi kubwa kuliko kusema hapana. Na nilitaka sana wageni wale wanione. Nimekaa miaka mitatu pale nikiitwa “dada wa data.” Usiku na mchana nilijiuliza siku moja tu ingemdhuru nini mtoto. Kisha nikajibu kwamba Jumatatu nayo ilikuwa siku moja tu, na Jumanne yake aligoma kabisa.

Alhamisi saa sita nikaondoka. Njiani nilipishana na gari lao jeupe likikata kona kuingia mtaa wa ofisi, wamewahi, vioo vimefungwa.

Titi la kulia halikurudi. Nesi alisema nijaribu, mama mkwe alisema mtori uongezwe, nilijaribu nikaongeza, halikurudi. La kushoto lilibaki, na siku hiyo mtoto alilishika bila ugomvi, mkono wake mmoja umeng’ang’ania shingo ya blauzi yangu. Nilikuwa nimekaa sakafuni na mgongo ukutani. Simu ikatikisika kwenye mkeka. Dokta: “Ile safu ya mwisho kwenye jedwali la pili ni nini? Wanauliza.” Kisha tena: “Upo?”

Nikiutoa mkono kushika simu, mtoto angeachia. Nilijua jibu, lilikuwa la maneno manane. Mama mkwe akaisogeza simu kando kwa mguu, akauliza kama ni yule wa kompyuta. Nikasema ndiye. Akaketi kitini akaendelea kuchambua mchele.

Nilimjibu Dokta saa saba na dakika arobaini, mtoto alipoachia mwenyewe. Wageni walikuwa wameshaondoka. Baadaye niliiona ripoti. Imeandikwa kwamba timu iliongeza kasi ya hesabu. Mzee aliileta mezani kwangu, ameipigia mstari hapo kwenye neno timu, akauliza kwa sauti ofisi nzima isikie ni nani huyo anayeitwa timu, maana yeye hajawahi kumdodosa.